Mama Alikuwa Wapi Jumamosi

Jumapili, 5 Oktoba

Naanza kuandika kwa sababu leo nimefanya jambo na sina wa kumwambia. Mtu ninayemwambia mambo yangu ni Baba, na jambo lenyewe linamhusu yeye.

Leo ilikuwa siku ya Kupima. Kanisani kwetu, likizuka swali ambalo wazee wa kanisa hawapatani juu yake, haliachwi likachacha. Mchungaji analisema, tunaomba, kisha kila mtu anainuka kwenda upande wake: wanaokubali kulia, wasiokubali kushoto. Upande wenye wengi ndio Roho aliosema nao. Ndivyo tulivyofundishwa, na mpaka leo sikuwahi kuuona ubaya wake. Tumepima kama magitaa yaingie kanisani. Tumepima kama wanawake wahubiri. Nilikuwa nikifurahia, maana ndiyo siku pekee unaponyoosha miguu katikati ya ibada.

Leo swali lilikuwa ubatizo. Aliyenyunyiziwa maji kidogo kichwani, je, amebatizwa, au ni lazima azamishwe mwili mzima katika maji mengi? Alisimama mzee mmoja wa kanisa tunayemwita Kipaza, kwa kuwa sauti yake haihitaji kifaa, akasema sauti ya wengi ni sauti ya Mungu, basi tuinuke, wanaosema ni lazima kuzamishwa waende kulia. Mvua ya kwanza ya msimu ikaanza kupiga bati palepale, watu wakasema hiyo ni ishara. Benchi letu zima likaelekea kulia. Wifi alinishika mkono nami nikaenda. Mimi nilizamishwa nikiwa msichana, kwa hiyo sikujiona nina la kupoteza.

Nilipogeuka nikamwona Baba bado amekaa katikati, peke yake, kofia magotini.

"Mzee Kinyozi, upande gani?" mchungaji akamuuliza.

"Nimekaa," Baba akajibu. "Wanaotembea ni wengi, mimi mtanihitaji wa nini?"

Watu wakacheka. Kisha uamuzi ukasomwa: wote walionyunyiziwa wazamishwe kabla mvua hazijaisha, katika birika la saruji lililo nyuma ya kanisa. Asiyezamishwa hana ubatizo. Hatashiriki meza ya Bwana, na akifa hatazikwa katika makaburi ya kanisa.

Mama amezikwa pale. Naye alinyunyiziwa, kama Baba. Hilo nililikumbuka nikiwa nimeshavuka barabara, nikashika ukuta wa duka la watu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua. Nguo za watu hazijakauka hata moja.

Jumanne, 7 Oktoba

Wifi ameleta kanzu za ubatizo, furushi zima, nizifue na kuzipiga pasi. Udobi wakati wa mvua ni kazi ya kumwomba Mungu jua na kumwomba mteja subira, na wote wawili hujibu wanapotaka. Nimezitundika kanzu kwenye kamba katika chumba cha mbele, maana nje hapatundikiki kitu. Baba alipotoka chumbani kwake akazikuta zimening'inia, nyeupe, zikidondosha maji, akavua kofia.

"Shikamooni," akaziambia. "Kwaya mmewahi."

Nilicheka ingawa sikutaka. Halafu nikamuuliza kama nimwandalie na ya kwake.

Akavuta kiti. "Mimi na mama yako tulibatizwa siku moja, kabla hatujaoana. Bakuli moja. Alianza yeye, mimi nikapata yaliyobaki. Sasa nikiingia kwenye lile birika lao, nitakuwa nimesema yale hayakuwa kitu. Na kama kwangu hayakuwa kitu, kwake yalikuwa nini?"

"Lakini kanisa limeamua, Baba."

"Wale wote nimewanyoa, mwanangu. Vichwa vyao nimevishika kimoja kimoja. Sikuona hata kimoja chenye tundu la kuchungulia mbinguni."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha mpaka nikamletea maji ya moto. Daktari wa zahanati alishasema kifua hiki hakitaki baridi hata kidogo. Kwa hiyo nina hofu mbili. Akiingia kwenye maji yale, yatamuua. Asipoingia, atafia nje ya kanisa. Na chini ya hizo mbili ipo ya tatu, ambayo naogopa hata kuikaribia: kama walio wengi wamesema kweli, basi Mama yuko wapi sasa hivi, ninapoandika?

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeunguza shati la mteja kwa pasi. Nilikuwa nimesimama tu, nikiutazama ukuta.

Jumapili, 12 Oktoba

Wamezamishwa wa kwanza. Maji ya birika ni ya mvua, na mvua ya asubuhi ilikuwa baridi ya kuuma meno. Bibi mmoja alitoka midomo ikimcheza, watu wakapiga vigelegele. Baba alitazama kutoka mlangoni. "Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji," akaninong'oneza. "Huyu katiwa maji mengi, bado wembe." Nilimkanyaga mguu anyamaze.

Kisha ikaja meza ya Bwana. Trei ya mkate hubebwa na kaka yangu, ambaye ni mzee wa kanisa tangu mwaka juzi. Alikuja benchi letu, akampa aliyekaa kushoto kwa Baba, akaiinua trei juu kidogo, akaishusha kwangu. Baba alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaurudisha taratibu akajikuna goti, kana kwamba ndicho alichokuwa amekusudia tangu mwanzo.

Mimi niliupokea mkate. Niliutafuna. Nilimwogopa Kaka, niliwaogopa waliokuwa wakinitazama, na nilimwogopa Mungu pia, ila kwa wakati ule nadhani yeye alikuwa wa tatu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mchungaji alikuja kuchukua kanzu. Ni kijana bado, shingo imejaa vipele vya wembe tangu Baba alipoacha kazi. Nilimfungia furushi, nikalishikilia.

"Mchungaji, samahani. Na waliokwisha kufa?"

"Waliokufa vipi, dada?"

"Waliokufa na maji kidogo. Mama yangu. Makaburi yenu yale yamejaa watu wa maji kidogo. Wako wapi?"

Alitazama mlango, kisha dirisha, kama mtu anayetafuta nani ajibu. Nilitaka aseme neno moja tu. Angesema "Usiogope" ningemwamini, nisingedai aya wala sura.

"Swali zito," akasema mwishowe. "Siwezi kulijibu peke yangu. Tutalipima."

"Mtapima nini?"

"Hilo. Kama wamepokelewa au la. Jumapili ya pili ya Novemba… hapana, ya kwanza. Umefanya vizuri kuuliza."

Akaenda na kanzu zake. Mimi nilibaki nimeshika kamba ya furushi. Nimeuliza swali, na sasa mama yangu atasimamishwa mbele ya watu, wengine wao hawakuwahi hata kumjua, waamue alipo kwa kutembea kulia au kushoto.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimefanya nini? Mungu wangu, nimefanya nini?

Jumamosi, 18 Oktoba

Kaka alikuja. Alimwamkia Baba kwa heshima zote, akauliza kifua, akatoa dawa aliyomnunulia. Halafu akaanza.

"Baba, wengi wape. Usipowapa watachukua."

"Nitawapa. Wakitaka kiti nitawapa, wakitaka zamu kwenye foleni nitawapa. Mbingu si yangu niwape."

"Hakuna anayeichukua mbingu. Tunatafuta kweli. Na Mungu hawezi kuwaacha watu wake wote wakosee kwa pamoja."

"Hawezi? Walipotumwa wapelelezi kumi na wawili, walioogopa walikuwa wangapi? Na siku ile liwali alipouliza umati nimfungulie nani, umati ulimchagua nani?"

Kaka hakutahayari. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba alikuwa na jibu, tena zuri. "Na mitume walipogombana juu ya tohara, Baba, walifanyaje? Walikaa, wakazungumza, wakapatana, wakaandika kwamba Roho Mtakatifu na sisi tumeona vema. Kila mtu angejiamulia mwenyewe, leo kungekuwa na makanisa mengi kuliko vichwa ulivyonyoa. Wewe uko mmoja. Kwa nini asiyekosea awe wewe?"

Baba aliigeuza ile dawa mkononi. Mvua ilisikika.

"Inawezekana nimekosea," akasema. "Ndiyo maana sijamwambia mtu akae kama mimi nilivyokaa. Lakini mitume walipatana juu ya jambo ambalo Mungu alikuwa ameshalifanya, wakalitambua. Hawakukaa wampangie la kufanya."

"Ni kitu kimoja."

"Kunyoa nywele na kuota nywele ni kitu kimoja?"

Kaka aliondoka bila chai. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, nami kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba hampigi Baba vita. Anaogopa, kama mimi. Anaogopa baba yake asije akapotea, na kila akilala anamwona nje ya mlango. Nilikuwa nimeanza kumchukia kwa ile trei. Sasa sijui nimfanye nini.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeanza kuzunguka. Siandiki kwa kujivunia.

Nimekwenda kwa Mama Mapacha, jirani yetu, nikamwambia siku ile aende kulia. Akasema atakwenda, bibi yake naye alikufa na maji kidogo. Nikaenda kwa fundi cherehani, naye akakubali, nikamwambia mashuka yake ya mwezi huu nitamfulia bure. Maneno yalinitoka kabla sijayafikiri. Kwa mwingine nikasema vivyo hivyo. Sasa nafua mashuka ya nusu ya mtaa ili mama yangu aingie mbinguni.

Ijumaa, 24 Oktoba

Muuza mkaa alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mifukoni.

"Dada, nisikudanganye," akasema. "Mimi na mama yako hatukuelewana. Aliniita mwizi mbele za watu, eti gunia langu lina mawe."

"Lilikuwa na mawe?"

"Mawili matatu. Lakini mbele za watu!"

"Kwa hiyo utakwenda kushoto?"

"Sijaamua. Nitaona siku hiyo nimeamkaje."

Nimerudi nyumbani nikakaa nyuma ya tangi la kulowekea nguo. Nitaona siku hiyo nimeamkaje! Na si kwamba ni mtu mbaya. Huwaongezea vipande watu wasio na kitu. Ila mama yangu ananing'inia kwenye hilo, kwenye mawe mawili matatu ndani ya gunia na jinsi mtu atakavyoamka. Mpaka jana nilikuwa nikiwahesabu watu wa kulia kwa matumaini. Leo nawatazama wakipita barabarani na miavuli yao, mwenye deni, mwenye kinyongo, mwenye usingizi, mwenye kufuata benchi, yaani mimi, na ninaogopa hata wale walioniahidi.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua usiku kucha. Mto umepanda. Baba hakwenda kanisani, kifua.

Jumanne, 28 Oktoba

Baba amejua. Fundi cherehani alileta mashuka akasema kwa sauti, "Haya ndiyo yale ya mama."

"Mama gani?" Baba akauliza.

Ikabidi niseme. Nilidhani atanigombeza. Akaanza kucheka, akashika meza, akacheka mpaka akafuta macho.

"Unamfanyia mama yako kampeni? Yule aliyekuwa haombi hata chumvi kwa jirani? Angekufukuza na mwiko." Kisha akaacha kucheka. "Njoo hapa. Unaogopa nini hasa?"

"Naogopa watamkataa."

"Wakimkataa atatoka?"

Nilianza kukunja shuka.

"Nakuuliza. Yuko mahali. Watu wakienda kushoto, ataambiwa mama, fungasha?"

"Sijui, Baba! Wewe unajua?"

"Mimi nilijua mkono wake ulipokuwa mkononi mwangu siku ile ya bakuli. Na nilijua alivyoomba alipokuwa akifa, maana nilikuwepo. Zaidi ya hapo sijui."

Amenikataza kuzunguka. Nimeacha. Mashuka nayafua, ahadi ni ahadi.

Jumapili, 2 Novemba

Leo wamempima Mama.

Kabla ya kuinuka Kipaza alionya kwamba tusiangalie damu wala ujamaa, tuangalie kweli. Wanaoamini kwamba waliokufa na maji kidogo wamepokelewa, kulia. Nilikuwa nimejiapiza nitakaa kama Baba, lakini mchungaji aliposema "Inukeni", nilikimbia. Nilikimbia kulia kama mtu anayevuka reli. Nikasimama pale nimefumba macho, nikisikia viatu. Viatu vingi vilikwenda kushoto. Vingi mno. Nilipofumbua, pande zilikuwa sawasawa kwa macho, wazee wakahesabu, wakarudia kuhesabu.

Kulia tumezidi kidogo. Mama amepokelewa. Watu walinikumbatia, wifi alilia kwa furaha, Kaka aliniinua kutoka chini. Muuza mkaa alikuwa kushoto, akanipungia mkono wa pole au wa hongera, sikujua.

Halafu nje, chini ya mwavuli, nikamsikia Kipaza akimwambia mwenzake kwamba familia zote za ng'ambo ya mto hazikufika, kwani maji yamefunika daraja, na wale wote ni watu wa maji mengi. "Wangefika, mambo yangekuwa mengine," akasema. "Si neno. Mwakani tutalirudia."

Nimekwenda mpaka nyumbani bila kufungua mwavuli.

Kaka alitangulia kumwambia Baba. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Baba, Mama amepita! Sasa huna kizuizi. Ukizamishwa humvunjii heshima, yeye ameshapokelewa."

Baba alikuwa na homa, lakini macho yalikuwa yake yaleyale ya kukagua kisogo. Akamtazama Kaka kwa upole.

"Amepokelewa leo?"

"Leo, Baba. Mchana huu."

"Na Jumamosi alikuwa wapi?"

Kaka aliinuka, akamvuta Baba blanketi hadi shingoni.

Jumatatu, 3 Novemba

Daraja. Sifikirii kingine. Mama yangu na daraja.

Alhamisi, 6 Novemba

Homa haishuki. Daktari amekuja, amesikiliza mgongo, amebadilisha dawa, na alipokuwa akiondoka amenishika bega.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika haya yote kama yalivyokuwa.

Jana nilimwambia Kaka: maji ya birika ni baridi, lakini mimi nina tangi. Tangi langu la kulowekea nguo linamwenea mtu aliyejikunja, na nina jiko na masufuria. Naweza kuyapasha yawe ya uvuguvugu kama ya kumwogesha mtoto. Baba hatapata baridi, hatajua vizuri, na atakuwa amezamishwa. Kaka alinishika mikono yote miwili. Mimi ndiye niliyelipanga. Katika watu wote wa kanisa lile, ni dobi tu ambaye angeweza kulifikiria.

Leo mchana wamekuja, Kaka na mchungaji. Nilikuwa nimeshasugua tangi, nimeondoa harufu ya sabuni, nimejaza maji, nimeyapima kwa kiwiko. Chumba chote mvuke. Walimbeba Baba kutoka kitandani, mwepesi, kichwa begani kwa Kaka, na mchungaji ameshika miguu. Baba hakupinga. Nadhani hakujua.

Walipomfikisha ukingoni, joto la maji likamfikia usoni, akafumbua macho. Akaona tangi. Akaniona mimi nimekunja mikono ya gauni.

"Mwanangu," akasema, "unanifua?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, kama mgeni anayetaka kujua utaratibu wa nyumba.

"Mwacheni," nikasema.

"Dada, karibu tumalize," Kaka akasema.

"Mwacheni! Mrudisheni!" Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikaingia kati yao na tangi, nikamsukuma Kaka kifuani, kaka yangu mkubwa, ambaye maishani sijawahi hata kumjibu. "Hataki! Alikaa akiwa na akili zake, mbele yetu sote, akasema hataki! Tunamvizia sasa hajiwezi ili sisi tulale?"

Wakamrudisha kitandani. Kaka alitoka kwenye mvua bila koti. Mchungaji alibaki amesimama karibu na tangi, akitazama mvuke.

"Baba yangu mimi pia," akasema polepole. "Maji kidogo."

"Na ulikwenda upande gani ile siku?"

"Kulia, na wengine."

"Kwa nini, Mchungaji? Wewe ndiye ulikuwa unatuongoza."

"Ningebaki peke yangu," akasema.

Nilitaka kumtukana. Lakini ndivyo nilivyofanya mimi pia, kwa hiyo nikampa taulo ajifute.

Jumatatu, 10 Novemba

Hakuna aliyeleta nguo leo, habari za tangi zimeenea. Wala jana. Mama Mapacha amepita upande wa pili wa barabara, akiwafunika wanawe uso.

Baba ameamka kidogo, akaomba nimshike mkono. Nikamwambia naogopa. Akasema, "Na mimi." Sikutegemea. Nilidhani atanitania. "Ulidhani ningekaa pale katikati bila kuogopa?" akasema. "Nilikaa kwa sababu magoti yalikuwa yanagongana." Tukacheka wote wawili, yeye bila sauti.

Jumanne, 11 Novemba

Baba amekufa alfajiri.

Jumatano, 12 Novemba

Wamekutana mchana huu kupima kama azikwe katika makaburi ya kanisa, kando ya Mama. Daraja limefunguka, familia za ng'ambo zote zilikuwepo, matope hadi magotini.

Mchungaji alisoma swali akiwa ameinamia karatasi. Niliomba kusema. Sauti yangu ilitoka nyembamba, ya aibu, na magoti yaligongana kweli.

"Shimo ni lenu," nikasema. "Ardhi ni ya kanisa, mnaweza kuipima, mkiwa wengi mtashinda na mimi nitatii. Lakini msiseme mnampima Baba. Baba ameshafika alikofika, hamwezi kumsogeza hata kidogo. Wala Mama hamkumsogeza. Mlihamisha viatu tu."

Kipaza akasema kwamba ni uchungu wa msiba, nisamehewe.

Wakainuka. Nilikwenda kulia. Alinifuata muuza mkaa, ambaye sikumtegemea kabisa. "Hakuwahi kunikata sikio," akanong'ona, akasimama na mikono mifukoni. Bibi yule aliyezamishwa siku ya baridi naye akaja, anakohoa. Basi. Mchungaji hakuondoka mbele, alisema yeye ni msimamizi tu. Wengine wote walikwenda kushoto, na Kaka alikuwa kati yao. Nilimwona. Alisimama mstari wa nyuma, uso ukutani.

Alhamisi, 13 Novemba

Tumemzika Baba katika makaburi ya manispaa, upande ule wa kiwanda cha matofali, mbali na Mama. Sema ukweli: nimemzika. Majirani walilisindikiza jeneza mpaka barabara kuu, kisha mmoja akakumbuka mtoto, mwingine akakumbuka jiko. Muuza mkaa alitoa mkokoteni wake na kuusukuma yeye mwenyewe mpaka getini, ila hakuingia. Alisema anaogopa makaburi tangu utotoni, na nilimwamini. Wachimbaji walishusha jeneza, wakafukia haraka, na mvua ilipozidi wakakimbilia kibandani kwao.

Nikabaki na lundo la udongo, sina mchungaji wala kwaya. Sikujua kama naruhusiwa. Niliwaza, labda wao ndio wenye kweli. Wengi si lazima wakosee ati kwa sababu ni wengi, na mimi nani, mpiga pasi. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo hakuna atakayesikia, si chini wala juu. Niliogopa kuliko siku zote za msimu huu.

Ndipo nikasikia matope yakikanyagwa. Kaka alikuja akiwa amelowa, bila mwavuli, akasimama ng'ambo ya kaburi. Hakuniomba radhi na mimi sikumuuliza. Nilidhani ataomba yeye, maana ndiye mzee wa kanisa, lakini alitikisa kichwa akanitazama mimi.

Nikaomba. Nilimwambia Mungu kwamba huyu ni kinyozi, mume wa mama yetu, kwamba alibatizwa kwa maji ya bakuli moja na mkewe na hakutaka kuyakana, ampokee. Nikasema naogopa. Nikasema kwamba kama nimekosea, anihesabie mimi, asimhesabie yeye.

Nikasema Amina. Kaka naye akasema Amina. Tulikuwa wawili.